Naenda Kutembea

Waliniambia: kule hawaombi viza.
Nikacheka peke yangu kwenye cherehani.
Mlango usio na kufuli, nikawaza,
basi lazima una mbwa.

Mbwa mwenyewe ni orodha.
Pasipoti iliyobakiza miezi sita ya uhai,
tiketi ya kwenda na ya kurudi,
jina la hoteli, kadi ya manjano ya chanjo,
na pesa. Si pesa ya kutumia.
Pesa ya kuonyesha.

Miaka kumi na tisa likirimba letu la Kadutu
limenifikia kwa karo, kwa jeneza, kwa mabati.
Safari hii nilisema: zamu yangu nipeni mkononi,
sina msiba, sina harusi,
naenda kutembea.
Nankafu akatema ganda la karanga.
"Kutembea tu?"
Tu.
"Bila kuuza kitu?"
Bila hata kitambaa kimoja.
Wakahesabu kimya. Noti za Nankafu zilinuka sambaza,
za Ntakwinja zilikuwa zimepigwa pasi.

Dolari mia tano. Nilizilalia siku nne
ndani ya foronya, chini ya sikio,
na usiku niliwasikia wote kumi na wawili wakipumua.

Kwenye daraja la Ruzizi maji yalikuwa na haraka yake.
Afisa alikuwa kijana, kola imelika upande wa kushoto
(jicho la mshonaji halina adabu).
"Mama, unaenda kufanya nini?"
"Kutembea."
"Kwa nani?"
"Si kwa mtu."
Akanitazama kama niliyesahau kuvaa kiatu kimoja.
Mtalii, kwetu, ni yule anayeshuka na kofia pana
akiuliza njia ya kwenda kwa magorila.
Mimi nina miaka hamsini na mitatu;
gorila ni jirani yangu na hatujawahi kuonana.

"Karatasi ya benki?"
Bwana, benki yetu ni benchi:
Jumamosi saa tisa, daftari moja lisilo jalada.
"Basi hesabu."
Ishirini, ishirini, ishirini.
Ya kumi na saba akaisimamisha hewani.
Ilikuwa imechanika pembeni,
ufa mdogo kama kope.
"Hii si kitu."
Wabadilishaji wa Nyawera huzikataa hivyohivyo,
lakini nilidhani mpakani watu husoma namba,
hawasomi vidonda.

Mia nne na themanini. Mtalii amepungua.
Nilitaka kumwambia ninao ushahidi mwingine:
kuku wangu anaatamia mayai tisa,
gauni la bibi harusi halijawekwa mikono,
mjukuu amekataa kuniaga, amejifungia chooni.
Nani asingerudi kwa vitu hivyo?
Orodha haikuwa na mstari wa kuku.

Nyuma yangu, mwanamke wa ndoo ya nyanya
akavuta pumzi ndefu, akaingiza mkono kifuani,
akatoa ishirini nzima, bado ya moto.
"Dada, nipe hiyo mbovu iwe rehani.
Ng'ambo tutabadilishana."
Hata jina hakuniuliza.
Afisa aliiona noti. Aliona pia mkono ilikotoka.
Akageuza uso mtoni kidogo,
kisha akapiga muhuri: siku kumi.

Tulibadilishana penye tope, haraka,
kama watu wanaorudishiana chumvi.
Ndoo ikarudi kichwani, akapotea.

Basi langu lilichelewa kuondoka. Nikageuka.
Ng'ambo ile, yaani kwetu,
mabati yalikuwa yamepanda juu ya mabati,
nguo za watu zimeanikwa hadi mwisho wa kilima,
ziwa limeshika moshi wa asubuhi.
Nikatafuta paa langu, nisilione.
Nikatafuta tena,
mia tano mfukoni, moja yake si kitu,
nikajisikia nikisema kwa sauti
yale wanayosema wenye kofia pana:
tazama, mji mzuri.